Picha za anga ya usiku kwa simu ukiwa Mombasa: hali ya usiku, mipangilio ya mkono au darubini?

Mtu anayeielekeza simu yake angani usiku hapa Mombasa na kubonyeza kitufe kama anavyobonyeza mchana, mara nyingi hupata picha nyeusi yenye chengachenga tele na doa moja jeupe pale mwezi ulipokuwa. Wengi huilaumu simu, na baadhi huanza kuulizia bei ya simu nyingine. Kabla ya kufika huko, inafaa kujua kwamba simu hiyo hiyo inaweza kutumiwa usiku kwa njia tatu zilizo tofauti sana. Njia ya kwanza ni kuiachia simu ifanye kila kitu kwa hali yake ya usiku. Ya pili ni kupanga mwenyewe muda wa shata (muda ambao kamera huacha mwanga uingie), ISO (kiwango cha kamera kuukuza mwanga huo) na fokasi huku simu ikiwa imesimama juu ya stendi ya miguu mitatu. Ya tatu ni kuiweka kamera ya simu nyuma ya lenzi ya darubini. Swali la ipi ni bora halijibiki mpaka useme unataka kupiga nini, kwa maana mwezi, sayari, kundi la nyota na Njia Nyeupe (utepe hafifu wa nyota za galaksi yetu) ni vitu vinavyodai mambo yanayopingana.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaziangalia njia zote tatu kwa vigezo vile vile: vitu vya angani ambavyo kila njia inaviweza, namna inavyostahimili taa za mji, gharama na vifaa, muda na subira inayotakiwa, na uaminifu wa picha, yaani ni kiasi gani cha kile unachokiona kilitoka angani na ni kiasi gani kilibuniwa na programu ya simu. Kigezo hiki cha mwisho hakitajwi sana na wauzaji, lakini kwangu kina uzito mkubwa, kwa sababu picha ya anga ni ushahidi wa kitu kilichoonekana usiku fulani mahali fulani.

Anga yetu kwanza

Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jambo hilo lina manufaa kwa mpiga picha. Kundi la Jabari (Orion) hupita karibu na utosi jioni za Januari na Februari, Kilimia huwa juu upande wa kaskazini, Msalaba wa Kusini huonekana vizuri jioni za Mei, na kundi la Nge pamoja na kitovu cha Njia Nyeupe hupanda juu sana jioni za Julai na Agosti. Giza nalo huingia upesi: muda wa dakika 75 hivi baada ya machweo, mwanga wa jua huwa umetoweka kabisa angani.

Tatizo ni taa. Ukiwa kisiwani, mwanga wa bandari ya Kilindini, wa barabara na wa majengo hufunika nyota hafifu, na Njia Nyeupe haionekani kwa macho. Hata hivyo anga haina mwanga sawa pande zote. Aliyesimama ufuoni Nyali au Bamburi akiutazama mji kwa magharibi huona utando wa rangi ya chungwa, ilhali akigeuka kuikabili bahari huona nyota nyingi zaidi, kwa kuwa upande huo hakuna mji. Tiwi, ng'ambo ya kusini, ina giza zaidi, na anayeweza kufika Voi na pembezoni mwa Tsavo atakuta anga ya namna nyingine kabisa.

Liko pia jambo la maji ambalo mkaazi wa pwani hana budi kulikumbuka. Usiku unaofaa nyota ni ule wa mwezi mwandamo, na siku hizo ndizo za bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi na kutoka kupita kiasi. Stendi iliyosimikwa mchangani kwa muda mrefu inaweza kufikiwa na maji huku mwenyewe amekodolea macho kioo cha simu. Angalia saa za maji kabla ya kutoka, na usitoke peke yako.

Njia ya kwanza: hali ya usiku ya simu yenyewe

Katika hali hii simu hupiga picha nyingi mfululizo, huzipanga zilingane, kisha huziunganisha kuwa moja. Mwaka wa 2019 ndio ulioipa njia hii nguvu kwa upande wa nyota: iPhone 11 ilikuja na hali ya usiku ambayo inaweza kukusanya mwanga kwa hadi sekunde 30 simu ikiwa imetulizwa, na Pixel 4 ikaja na hali maalumu ya anga, inayounganisha picha 15 za sekunde 16 kila moja, jumla ya dakika 4. Simu nyingi za bei nafuu zina hali ya usiku pia, ila aghalabu imetengenezwa kwa ajili ya kushikwa mkononi, hivyo huishia sekunde chache tu.

Kwa upande wa vitu inavyoviweza, njia hii ni hodari katika mandhari: anga pamoja na ardhi, minazi, ngalawa, majengo. Ukisimama ng'ambo ya Bandari ya Kale, upande wa Nyali, muda mfupi baada ya Magharibi, Mji wa Kale huwa magharibi yako, na Zuhura ikiwa nyota ya jioni huning'inia juu ya mapaa. Hapo mwanga wa machweo uliosalia na taa za mji hukaribiana kwa nguvu, na simu huvisawazisha kwa ustadi ambao mtu angeutafuta kwa muda mrefu kwa kupanga mwenyewe. Hilali pia hupigwa vizuri wakati huo, nayo kwetu hulala chali kama dau, kwa sababu ya ukaribu wa ikweta.

Kwa nyota zenyewe, hali ya usiku huonyesha umbo la makundi makubwa kama Jabari na Nge. Kwa mwezi mpevu haifai hata kidogo, kwa kuwa huufanya ung'ae kama balbu. Taa za mji huisumbua kwa namna moja: hujitahidi kuing'arisha picha yote, na anga ya Mombasa hutoka kijivu au hudhurungi, wakati mwingine ikifanana na jioni mapema badala ya usiku.

Gharama yake ni ndogo kuliko za nyingine. Ulicho nacho kinatosha, ukiongeza kitu cha kuituliza simu. Stendi ndogo ikikosekana, mfuko wa mchele uliowekwa juu ya ukuta unafanya kazi hiyo vizuri. Muda wake ni dakika chache na hakuna kazi ya baadaye. Kwenye uaminifu ndiko napunguza maksi. Programu inayofuta chengachenga haiwezi kila mara kutenganisha chenga na nyota hafifu, kwa hiyo hufuta vyote viwili. Baadhi ya simu nazo zinapotambua kwamba kitu kilicho mbele yao ni mwezi, hunoa na kuongeza maelezo kwa ujuzi zilizofunzwa kutoka picha nyingine za mwezi. Picha hupendeza, lakini sehemu yake haikutoka katika anga ya usiku ule.

Njia ya pili: mipangilio ya mkono na stendi

Njia hii hupatikana katika simu nyingi za Android kwenye sehemu ya kamera iliyoandikwa Pro. Kabla ya lolote, fungua sehemu hiyo uone shata inaweza kubaki wazi kwa muda gani: zipo zinazofika sekunde 30, na zipo zinazokoma mapema zaidi. Kwa iPhone utahitaji kupakua programu nyingine ya kamera, kwa kuwa kamera yake ya kawaida haikupi uhuru wa kuupanga muda wa shata wewe mwenyewe. Simu ikiruhusu kuhifadhi faili ghafi (RAW), iwashe hali hiyo, kwa maana faili ghafi hutunza mwanga hafifu ambao picha ya kawaida huubana na kuutupa.

Hapa lazima nieleze hesabu moja, kwa sababu ndiyo inayoamua kama nyota zako zitakuwa nukta au vijistari. Dunia inapozunguka, nyota zilizo kwenye ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, huonekana kusogea robo ya nyuzi kwa kila dakika. Kamera kuu ya simu ya kawaida yenye megapikseli 12 hutenga takriban pikseli 60 kwa kila nyuzi moja ya anga. Kwa hiyo katika sekunde 8 nyota ya Jabari husogea pikseli 2, jambo ambalo jicho halitaliona. Katika sekunde 15 husogea karibu pikseli 4. Na katika sekunde 30 husogea pikseli 7 au 8, nayo huwa kistari wazi. Jabari iko karibu kabisa na ikweta ya anga, hivyo kasi yake ni ya juu kabisa. Msalaba wa Kusini uko mbali na ikweta hiyo, kiasi cha nyuzi 60, na nyota zake husogea kwa nusu ya kasi, ndiyo maana unaweza kuzipa muda maradufu bila kuharibu nukta. Kwa hapa kwetu napendekeza uanze na sekunde 10 kwa Jabari na Nge, sekunde 20 kwa Msalaba wa Kusini, na ISO kati ya 800 na 1600. Ukiwa mjini shuka hadi 400, la sivyo mwanga wa taa utaijaza picha.

Fokasi ndiyo inayowaangusha wengi. Simu ikiachiwa itafute yenyewe gizani hupapasa mbele na nyuma, kisha hutulia mahali pasipofaa. Pwani yetu inatoa msaada mzuri ambao wa bara hawana: meli zilizotia nanga nje zikingoja kuingia bandarini. Kuza taa ya meli moja iliyo mbali kwenye kioo, sogeza kitelezi cha fokasi taratibu kuelekea mwisho wenye picha ndogo ya mlima, na utazame taa ile ikinywea kutoka duara lililotawanyika hadi nukta kali. Katika simu nyingi ukali huo hufika kidogo kabla ya mwisho wa kitelezi, kwa hiyo usikisukume hadi ukutani ukadhani umemaliza. Ikishakuwa nukta, usiguse tena fokasi, igeuze simu juu, weka kipima muda cha sekunde 3 au 5 ili mguso wa kidole usiitikise, kisha bonyeza uondoe mkono.

Faida kubwa ya njia hii huonekana ukipiga picha nyingi za namna moja na kuzipandanisha baadaye. Chengachenga hubadilika kutoka picha hadi picha, nyota hazibadiliki. Ukipandanisha picha 16, chengachenga hupungua hadi robo. Programu za bure kama Siril na DeepSkyStacker hufanya kazi hiyo kwenye kompyuta. Jambo hili lina maana zaidi kwetu kuliko kwa wanaoishi penye baridi, kwa kuwa joto la usiku wa pwani huongeza chengachenga katika kihisi cha kamera, na simu inayofanya kazi mfululizo huzidi kupata joto. Itoe kwenye kifuniko chake, weka hali ya ndegeni, punguza mwanga wa kioo, na iache ipumzike kidogo kila baada ya picha kadhaa.

Kwa kigezo cha vitu, hii ndiyo njia ya nyota, makundi, Kilimia, wingu la gesi lililo chini ya ukanda wa Jabari, na Njia Nyeupe. Kuhusu hiyo Njia Nyeupe nina neno. Watu hungoja Julai, kwa kuwa ndipo kitovu chake huwa juu jioni, lakini miezi ile ni ya kusi, na mawingu hupita bila kukoma huku upepo ukitikisa stendi. Anayeweza kuamka mapema ana nafasi nyingine: mwishoni mwa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na masika hayajaanza, kitovu hicho kinakuwa juu ya bahari upande wa kusini-mashariki kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri. Bahari iko upande huo huo, taa za mji ziko nyuma yako, na wengi hapa huamka muda huo kwa ajili ya sala. Mwanga wa Alfajiri hauchelewi baada ya hapo, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla.

Taa za mji inazistahimili wastani: huwezi kuziondoa, lakini unaamua wewe ni kiasi gani cha mwanga wake kiingie. Gharama ni stendi imara pamoja na kompyuta ya kawaida kama utapandanisha. Subira inayotakiwa ni nyingi, ya ufuoni na ya nyumbani baadaye. Uaminifu wake ni wa juu kuliko wa njia zote, kwa kuwa kila badiliko umelifanya mwenyewe ukijua.

Unyevu na chumvi vinahitaji tahadhari katika njia hii zaidi ya nyingine, kwa sababu utakaa nje muda mrefu. Simu iliyotoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi hupata ukungu kwenye lenzi mara moja. Iache nje dakika kumi kabla ya kuanza. Ukiona kila taa imezungukwa na duara la mwanga, chumvi ya bahari imekaa kwenye kioo cha lenzi. Usiisugue ikiwa kavu, maana chembe zake hukwaruza. Lowesha kipande cha kitambaa laini kwa maji matamu kidogo, pangusa, kisha kausha. Miguu ya stendi nayo ioshwe ukirudi.

Njia ya tatu: simu nyuma ya darubini

Kamera kuu ya simu huupa mwezi upana wa pikseli 30 hivi, na ndiyo sababu hutoka doa. Hakuna mpangilio unaoweza kulirekebisha hilo. Kinachohitajika ni ukuzaji, na darubini ndiyo inayoutoa. Hata darubini ya macho mawili ya 10x50 (inayokuza mara 10, yenye lenzi za milimita 50), ikiwa imefungwa kwenye stendi, hutosha kuonyesha Bahari ya Utulivu, ambako Apollo 11 ilitua mwaka wa 1969, na kreta kubwa kama Tycho. Darubini ndogo ya nyota yenye kipenyo cha milimita 70 huongeza pete za sayari ya Zohali na miezi minne ya sayari ya Mshtarii, ile aliyoiona Galileo mwaka wa 1610.

Taa za mji haziisumbui kabisa. Mwezi na sayari vinang'aa kupita taa zetu, kwa hiyo paa la nyumba ya Majengo au roshani ya Tudor ni mahali pazuri sawa na Tiwi. Kwa mtu asiyeweza kusafiri usiku, hoja hii peke yake inaweza kuamua.

Gharama ndiyo kikwazo, pamoja na kishikizo cha kuibana simu kwenye lenzi ya jicho. Bila kishikizo, mkono huchoka na picha hukatwa nusu. Subira yake ni ya kulenga: mwezi hutoka katika uwanja wa lenzi baada ya dakika chache, ukaanza upya. Weka ISO 100 na shata karibu 1/125 ya sekunde kwa mwezi unaong'aa, na uchague siku za nusu mwezi, kwani vivuli vya kreta huonekana kwenye mpaka wa mwanga na giza, ilhali mwezi mpevu hauna vivuli. Kwa sayari, rekodi video fupi kisha uchague fremu zilizo kali. Uaminifu ni mkubwa, mradi uzime programu ya simu inayojaribu kuupamba mwezi. Darubini isielekezwe kwenye jua kamwe bila kichujio maalumu mbele yake.

Ipi kwa hali ipi

Ukiwa na familia ufuoni na unataka kumbukumbu ya watu, minazi na nyota pamoja, tumia hali ya usiku na uitulize simu. Hakuna sababu ya kujisumbua na zaidi ya hapo. Vivyo hivyo ukitaka hilali ya Ramadhani ikiwa chini upande wa magharibi, ila tumia lenzi ya kuvuta karibu kama simu inayo, na upunguze mwanga kwa kidole kwenye kioo.

Ukiwa umeanza kuyafahamu makundi ya nyota kwa majina na unataka kuyaonyesha kama yalivyo, mipangilio ya mkono itakulipa, hata ukiwa Nyali, mradi uipe bahari uso na mji mgongo. Simu yako ikiwa ya bei ya chini na sehemu yake ya Pro haifiki hata sekunde 8, bado piga picha nyingi fupi uzipandanishe. Hilo litakufaa kuliko kukopa fedha za simu mpya. Ikiwa huna kompyuta wala hamu ya kukaa nayo, na simu yako ina hali maalumu ya anga, basi hali hiyo itakukaribisha sana na matokeo ya mkono.

Ukiishi kisiwani, hutoki usiku, na unachokipenda ni mwezi na sayari, weka akiba ya darubini ya macho mawili kwanza, kwa kuwa mchana utaitazamia meli na ndege, kisha uamue kama unahitaji kubwa zaidi. Mwalimu mwenye wanafunzi naye namshauri hivyo hivyo, maana watoto kumi wanaweza kuuona mwezi kwa zamu kwenye kioo cha simu moja.

Na kwa kupatwa kwa mwezi utahitaji njia mbili kwa pamoja. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote ukiwa juu ya upeo wetu, kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku, na katika muda kama huo mwanga wake hupungua maelfu ya mara, kwa hiyo mpangilio uliofaa saa moja kabla haufai tena. Anza na darubini na shata ya haraka wakati kivuli kinauma ukingo. Mwezi ukishakuwa mwekundu, ondoa simu kwenye darubini, irudishe kwenye stendi, fungua shata sekunde kadhaa, na uupige pamoja na nyota zilizojitokeza kuuzunguka. Kupatwa kamili kutakakoonekana tena kutoka pwani yetu ni kwa mapema usiku wa tarehe 31 Desemba 2028, wakati wa kaskazi, na muda uliobaki unatosha kuzijaribu njia zote mbili kwa mwezi wa kawaida.